Mbwa mzee anapoanguka kifafa: Weka rungu chini, tazama saa

NI saa kumi za alfajiri na boma lote limelala. Mbwa aliyelinda lango la nyumba hiyo kwa miaka 12 anaanguka ghafla kando ya kibanda chake. Shingo inajipinda kwa nyuma, miguu yote minne inakakamaa kisha inaanza kupiga hewa kana kwamba anakimbia, meno yanagongana, povu linamtoka kinywani na mkojo unamponyoka bila mwenyewe kujua.

Bawabu anapiga mayowe. Watoto wanatoka nje wakiwa wamejifunika shuka. Jirani anachungulia juu ya ua na kutamka neno moja tu: kichaa! Kabla ya dakika mbili kupita, mmoja ameshika rungu, mwingine anatafuta kijiko cha kumtia mbwa kati ya meno, na wa tatu amekimbilia maziwa jikoni akidhani mnyama amelishwa sumu.

Wote watatu wana nia njema, na wote watatu wanakosea. Rungu litamuua mnyama ambaye huenda angesimama mwenyewe muda mfupi baadaye. Kijiko huvunja meno, na mkono ulioshika kijiko hicho huweza kuumwa vibaya. Nayo maziwa yanayomiminwa katika kinywa cha mbwa asiye na fahamu huweza kuingia mapafuni badala ya tumboni, yakamuua hata baada ya kifafa chenyewe kupita.

Mitukutiko mingi ya mbwa hukoma yenyewe baada ya dakika moja hadi tatu. Kinachoamua hatima ya mnyama, na wakati mwingine usalama wa watu wa nyumba hiyo, ni yale yanayotendwa katika dakika hizo chache na katika majuma yanayofuata. Na kwa mbwa mwenye umri mkubwa lipo jambo moja zaidi la kuzingatia: akianguka kwa mara ya kwanza uzeeni, mara nyingi kuna maradhi mengine yaliyojificha nyuma ya kuanguka huko.

Yanayotokea ubongoni

Ubongo wa mbwa, sawa na wa binadamu, hufanya kazi kwa seli zinazopashana habari kupitia mikondo midogo sana ya umeme. Zipo seli zinazochochea na zipo zinazotuliza, na uwiano wa pande hizo mbili ndio unaomwezesha mnyama kutembea, kula na kulala kwa utaratibu. Uwiano huo unapovurugika, kundi kubwa la seli hufyatua umeme kwa pamoja. Misuli hupokea amri nyingi zisizo na maana kwa wakati mmoja, nayo hukakamaa na kutukutika.

Tukio moja la namna hiyo huitwa mtukutiko. Neno kifafa, kwa maana ya ugonjwa, hutumiwa pale mitukutiko inapojirudia: angalau miwili, iliyopishana kwa zaidi ya saa 24, bila kichocheo cha papo kwa papo kama vile sumu au upungufu wa sukari mwilini.

Si kila mtukutiko humwangusha mbwa. Wakati mwingine ni upande mmoja wa uso unaochezacheza, mguu mmoja unaorukaruka, au mbwa anayetafuna hewa na kuwang'ata nzi wasiokuwepo. Hata hivyo, mtukutiko ulioanza hivyo huweza kuenea ubongo mzima na hatimaye kumwangusha.

Kuanguka kwenyewe aghalabu huwa na hatua tatu. Kwanza ni dalili za awali, ambapo mbwa huhangaika, hujificha au humfuata mwenyewe kila aendako. Pili ni mtukutiko wenyewe. Tatu ni kipindi cha kuzinduka, ambacho huweza kuchukua dakika chache, saa kadhaa, au hata siku nzima. Katika hatua hii mbwa huweza kugonga kuta kama kipofu, kuzungukazunguka bila kuchoka, kuwa na njaa na kiu isiyo ya kawaida, au kushindwa kumtambua mtu anayemlisha kila siku.

Jambo la kuwapa moyo wenye mbwa ni kwamba mnyama aliyeanguka na kutukutika mwili mzima huwa amepoteza fahamu. Mlio anaoutoa husababishwa na misuli ya kifua na koo inayojikaza, wala si kilio cha maumivu.

Si kila povu ni kichaa

Hofu ya kichaa cha mbwa ina msingi. Ugonjwa huo ungali unaua watu nchini Kenya, na serikali ilizindua mkakati wa kuuangamiza katika kipindi cha kati ya mwaka 2014 na 2030. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa kwa binadamu hutokana na mbwa. Kwa hivyo hakuna anayepaswa kumdharau jirani anayeogopa.

Hata hivyo, yapo mambo yanayotofautisha hali hizi mbili. Mbwa mwenye kifafa huanguka, hutukutika, huzinduka, kisha hurejea kuwa yule yule aliyekuwa jana yake. Kati ya kuanguka kumoja na kwingine huweza kupita majuma au miezi akiwa buheri wa afya. Mbwa mwenye kichaa haponi. Hali yake huzidi kuzorota siku baada ya siku: tabia hubadilika, sauti hubadilika, taya hulegea na mate humtoka kwa kushindwa kumeza, huenda akawauma watu na wanyama bila kuchokozwa au akatangatanga mbali na kwao, kisha hupooza. Akishaanza kuonyesha dalili hizo, kwa kawaida hufa kabla ya siku kumi kupita.

Aidha, swali la chanjo ni muhimu mno. Mbwa aliyechanjwa kila mwaka, na ambaye cheti chake kipo, huwapunguzia hofu mwenyewe, jirani na daktari. Mbwa ambaye hajachanjwa, au aliyepigana hivi karibuni na mbwa asiyejulikana, anapaswa kutengwa mahali pasipo watu bila kuguswa, na afisa wa mifugo wa eneo hilo afahamishwe mara moja. Kichaa nacho huweza kuleta mitukutiko, hasa siku za mwisho.

Mtu yeyote akiumwa, hata na mbwa aliyechanjwa ambaye alikuwa tu amechanganyikiwa wakati wa kuzinduka, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo. Mbwa naye asiuawe kwa hasira. Iwapo inawezekana kumfungia salama, afungiwe na kuchunguzwa kwa siku kumi, kwani akiwa hai na mwenye afya baada ya muda huo, basi hakuwa akiambukiza kichaa siku alipouma. Akiuawa na kuzikwa, ushahidi huo hupotea pamoja naye.

Umri una maana gani

Kipo kifafa cha kurithi ambacho ubongo wenyewe hauna kasoro inayoonekana. Kwa kawaida hiki huanza mbwa akiwa na umri wa kati ya miezi sita na miaka sita. Mbwa wa aina hiyo huweza kuishi nacho hadi uzeeni.

Mbwa anayeanguka kwa mara ya kwanza akiwa na miaka tisa, kumi au zaidi huzua maswali tofauti. Wapo ambao chanzo hakipatikani hata baada ya uchunguzi, lakini daktari hulazimika kwanza kutafuta yafuatayo.

Kwanza ni uvimbe ubongoni, ambao huwapata zaidi mbwa wazee. Huenda mtukutiko ukawa ndiyo dalili ya kwanza kabisa. Ishara nyingine ni mbwa kuzunguka upande mmoja tu, kubadilika tabia, kukosa kuona upande mmoja, au kusimama akiwa amesukuma kichwa ukutani.

Pili ni kiharusi, yaani mshipa wa damu ubongoni kuziba au kupasuka. Maradhi ya figo na shinikizo la damu huongeza hatari hii.

Tatu ni maradhi ya viungo vingine. Ini likishindwa kuchuja sumu za mwilini, sumu hizo hufika ubongoni. Figo zikidhoofika, hali huwa vivyo hivyo. Sukari ikishuka mno katika damu, kwa mfano kwa sababu ya uvimbe wa kongosho unaotoa insulini kupita kiasi, ubongo hukosa nishati. Upungufu wa madini ya kalsiamu nao husababisha mitukutiko. Katika nchi yetu ambako kupe ni wengi, daktari hapaswi kusahau magonjwa yanayoletwa na wadudu hao, kama vile babesia.

Nne ni sumu. Dawa za kuua wadudu shambani, chambo cha konokono, chokoleti, na utamu bandia uitwao zailitoli unaotiwa katika baadhi ya peremende na dawa, vyote huweza kumwangusha mbwa wa umri wowote. Kosa linalotokea mara kwa mara ni kumwogesha mbwa kwa dawa ya kupe ya ng'ombe iliyochanganywa kwa kukisia. Mbwa aliyelishwa sumu aghalabu hutapika, huendesha, hutetemeka mfululizo na hazinduki vyema kati ya mtukutiko mmoja na mwingine. Huyo apelekwe kwa daktari bila kuchelewa, pamoja na chupa au karatasi ya sumu inayoshukiwa.

Vipo pia vidonge vya kutafuna vya kuua kupe na viroboto, vya jamii ya isoksazolini. Mwaka 2018, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitahadharisha kwamba dawa za jamii hiyo zimehusishwa na mitukutiko kwa baadhi ya mbwa na paka. Mbwa wengi huzitumia bila tatizo lolote, ila mwenye mbwa aliyewahi kuanguka anapaswa kumweleza daktari kabla ya kumpa.

Yanayofanana na kifafa

Yapo mambo mawili ya uzeeni ambayo watu huyaita kifafa ilhali sivyo, na kuyachanganya huleta matibabu yasiyofaa.

La kwanza ni kuvurugika kwa kiungo cha mizani kilichoko ndani ya sikio. Mbwa mzee huamka akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, macho yakichezacheza kushoto na kulia, akipepesuka na kuanguka kama mlevi. Tofauti ni kwamba ana fahamu zake, na ukimwita anakusikia. Wengi huanza kupata nafuu katika siku tatu za kwanza na hurejea katika hali nzuri baada ya majuma mawili au matatu. Wako mbwa waliouawa kwa huruma siku ya kwanza kwa hali hii, ilhali wangepona.

La pili ni kuzirai kwa sababu ya moyo. Mbwa hukimbia, husisimka au hukohoa, kisha huanguka akiwa amelegea, ufizi ukiwa mweupe. Baada ya sekunde chache huinuka na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Huyu anahitaji matibabu ya moyo, si dawa za kifafa.

Kwa sababu hii, msaada mkubwa ambao mwenye mbwa anaweza kumpa daktari ni picha ya video. Ni nadra sana mbwa kuanguka mbele ya daktari. Simu ya mkononi ikinasa tukio hilo kwa nusu dakika tu, itamweleza daktari mengi kuliko maelezo ya nusu saa.

Dakika tano za kwanza

Je, ufanye nini mbwa anapoanguka? Tazama saa. Hilo ni la kwanza, kwa sababu dakika moja ya mtukutiko humwonekania mtazamaji kama dakika kumi, na urefu wa tukio ndio unaoamua hatua inayofuata.

Ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, kama vile mawe, viti na sufuria. Akiwa karibu na ngazi, shimo au maji, mvute polepole kwa ngozi ya mgongoni au kwa kutumia blanketi, ukiwa nyuma yake na mbali na kinywa. Mtilie kitu laini chini ya kichwa iwapo unaweza kufanya hivyo kwa usalama.

Usitie kitu chochote kinywani, iwe mkono, kijiko, maji, maziwa, mafuta wala dawa. Mbwa hawezi kuumeza ulimi wake. Usimfungue kinywa kwa nguvu, usimkandamize ili aache kutetemeka, na usimmwagie ndoo ya maji.

Punguza mwanga na kelele. Zima redio, waondoe watoto, na wafungie mbali mbwa wengine, kwani wapo wanaomshambulia mwenzao anapotukutika hata kama wamelelewa pamoja.

Mtukutiko ukipita dakika tano, huo ni wa dharura. Vilevile ni dharura mbwa akianguka mara mbili au zaidi katika muda wa saa 24, au akianza kutukutika tena kabla ya kuzinduka. Misuli inayofanya kazi mfululizo huzalisha joto jingi, na joto hilo huweza kuharibu ubongo na viungo vingine. Mpake maji ya kawaida kwenye nyayo na tumboni, mpepee, na mpeleke kwa daktari mara moja huku madirisha ya gari yakiwa wazi. Piga simu mapema ili mtakapofika mkute amejiandaa.

Mtukutiko ukikoma, mwache apumzike mahali tulivu. Zungumza naye kwa sauti ya chini kabla ya kumkaribia, na usimkumbatie hadi ahakikishe kuwa ni wewe. Mpe maji kidogo pale tu anapoweza kusimama na kumeza vizuri. Ikiwa ni mbwa mwenye kisukari anayedungwa insulini, mpigie daktari papo hapo, na usimdunge sindano inayofuata kabla ya kupata ushauri. Akishaweza kumeza, asali kidogo inayopakwa kwenye ufizi husaidia kupandisha sukari mkiwa njiani.

Kwa daktari na daftari

Hata kama mbwa amezinduka na anatikisa mkia, mtukutiko wa kwanza uzeeni ni sababu tosha ya kumwona daktari katika siku moja au mbili. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mwenye mbwa ahakikishe kuwa anayemtibu ni daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Nchini (KVB), wala si muuzaji tu katika agroveti. Kwa walio karibu na Nairobi, Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoko Kabete ndicho kitivo kikongwe zaidi cha kufunza madaktari hao nchini.

Daktari ataanza kwa maswali na kumpima mbwa mwili mzima, akiangalia macho, mwendo na jinsi anavyohisi anapoguswa. Kisha atapima damu ili kujua sukari, kalsiamu, hali ya ini na figo, na vijidudu vya kupe. Mkojo na shinikizo la damu pia hupimwa. Vipimo hivi vya kawaida ndivyo vinavyogundua maradhi mengi yanayotibika, na ndivyo vinavyoamua ni dawa gani ambayo mwili mkongwe unaweza kuihimili.

Ikiwa damu haina kasoro, kinachosalia ni ubongo wenyewe. Picha za mashine ya MRI ndizo zinazoonyesha uvimbe kwa uhakika, lakini uchunguzi huo ni ghali na humhitaji mbwa alazwe kwa dawa ya usingizi. Si aibu kuamua kwamba hutaupitia, hasa ikiwa matokeo yake hayatabadilisha matibabu. Daktari huweza kumtibu mnyama kwa kufuata dalili, mathalani kwa dawa ya kupunguza uvimbe pamoja na dawa ya kifafa, huku akimfuatilia kwa karibu.

Kuanzia siku hiyo, weka daftari. Andika tarehe, saa, urefu wa mtukutiko, alichokuwa akifanya kabla yake, alichukua muda gani kuzinduka, na kama alikuwa amekosa dawa. Bila kumbukumbu hizo hakuna anayeweza kujua kwa hakika kama dawa inafanya kazi.

Dawa ni ahadi ya kila siku

Si kila mbwa aliyeanguka mara moja huanzishiwa dawa. Madaktari wengi huanza matibabu ikiwa mbwa ameanguka mara mbili au zaidi katika miezi sita, ikiwa mtukutiko ulipita dakika tano au ulijirudia siku moja, ikiwa kuzinduka kwake ni kugumu mno, au ikiwa kuna maradhi ya ubongo yanayojulikana.

Dawa inayotumika zaidi ni fenobabitali, ambayo ilianza kutumiwa kwa kifafa cha binadamu mwaka 1912. Hutolewa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Kwa mfano saa moja asubuhi na saa moja jioni. Majuma mawili ya kwanza mbwa huweza kusinzia na kupepesuka, kisha mwili huzoea. Kiu, njaa na kukojoa sana huweza kuendelea, na asipodhibitiwa chakula hunenepa. Baada ya majuma mawili hivi daktari hupima kiwango cha dawa katika damu, na baadaye hupima damu na ini kila baada ya miezi sita hivi. Dawa hii huchakatwa na ini, kwa hivyo haimfai mbwa ambaye ini lake tayari ni bovu.

Bromaidi ya potasiamu, iliyogunduliwa kufaa kwa kifafa cha binadamu mwaka 1857, haiguswi na ini bali hutolewa na figo. Huchukua miezi miwili hadi mitatu kufikia kiwango thabiti mwilini. Mbwa anayeitumia asibadilishiwe kiwango cha chumvi chakulani ghafla, kwa kuwa chumvi nyingi huifanya dawa itoke haraka na chumvi kidogo huifanya ijilimbikize. Inaweza pia kudhuru kongosho.

Ipo pia levetirasetamu, ambayo ni salama kwa ini lakini aghalabu huhitaji kutolewa kila baada ya saa nane: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Nayo hutolewa na figo, hivyo dozi hupunguzwa figo zikiwa dhaifu. Kabla ya kuamua, familia ijiulize ni nani atakayekuwa nyumbani saa nane mchana.

Kwa mbwa wanaoanguka mfululizo, daktari huweza kumfunza mwenyewe jinsi ya kutia diazepamu kupitia njia ya haja kubwa wakati wa mtukutiko. Hii ndiyo dawa ya nyumbani inayofaa katika dharura, lakini kwa kipimo na maelekezo ya daktari pekee.

Yapo makosa mawili yanayowaua mbwa walio katika matibabu. La kwanza ni kuacha dawa ghafla kwa kuwa mnyama hajaanguka kwa miezi mitatu. Hajaanguka kwa sababu anameza dawa; ukiikatiza, ubongo huweza kulipuka kwa mitukutiko isiyokoma. La pili ni kuazima vidonge vya binadamu na kukisia kipimo. Ingawa dawa nyingi ni zile zile, vipimo hutofautiana, na baadhi ya dawa za maji za binadamu zimetiwa zailitoli, ambayo ni sumu kwa mbwa.

Ni vyema pia mtu ajue mapema kwamba dawa aghalabu hazikomeshi mitukutiko kabisa. Ikiwa mbwa aliyekuwa akianguka mara nne kwa mwezi sasa anaanguka mara mbili au chini ya hapo, na mitukutiko ni mifupi, madaktari huhesabu hayo kuwa mafanikio.

Maisha ya kila siku

Mbwa mwenye kifafa huhitaji utaratibu: kula, kutembea na kulala kwa saa zile zile. Mtandikie mahali laini, chini sakafuni, mbali na ngazi na moto. Funika mapipa, mitaro na visima. Asifungwe mnyororo mfupi shingoni, kwani huweza kumnyonga akitukutika usiku bila mtu kujua. Ua uliofungwa vyema unatosha. Dawa iwekwe mahali palipo juu, na iongezwe kabla ya kwisha.

Watoto waelezwe kwa maneno mepesi kwamba mbwa wao ni mgonjwa, hana mapepo wala hakurogwa, na kwamba kifafa hakiambukizwi kwa mate, pumzi wala povu. Wafundishwe jambo moja tu la kufanya akianguka: kurudi nyuma na kumwita mtu mzima. Jirani na bawabu nao waelezwe mapema, kabla ya siku ya mayowe, na waonyeshwe cheti cha chanjo. Mazungumzo hayo ya dakika kumi yanaweza kuokoa maisha ya mbwa siku ambayo wewe hupo nyumbani.

Siku ya kuaga

Ikiwa chanzo ni uvimbe au ini lililochakaa, itafika siku ambapo dawa hazisaidii tena. Hapo ndipo daftari linapokuwa na faida nyingine. Hesabu siku ambazo mbwa alikula kwa hamu, alikutambua na alitembea bila kusaidiwa. Kisha hesabu zile alizoshinda akigonga kuta, akijichafua au akihofia hata mkono unaomlisha. Siku mbaya zikizidi njema kwa majuma kadhaa, au mitukutiko ikiwa haikatiki licha ya dawa, si ukatili kumwomba daktari amlaze kwa sindano. Dawa hiyo humlaza usingizi mzito kwanza, kisha moyo husimama. Haina uhusiano wowote na rungu wala sumu, na hakuna sababu ya kuchagua mojawapo ya hivyo viwili ilhali daktari yupo.

Uamuzi huo ni wa mwenye mbwa, akishauriwa na daktari aliyemfuatilia mnyama. Si wa jirani aliyeona povu mara moja juu ya ua. Na kwa mbwa wengi walioanguka jana kwa mara ya kwanza, siku hiyo bado haijakaribia. Kilichokaribia ni safari ya kwa daktari, pamoja na video katika simu, cheti cha chanjo mfukoni, na ukurasa wa kwanza wa daftari ulioandikwa tarehe na saa.